Windows Imegoma Kuingia kwa Flashi: Jua Ilipokwama, Ndipo Urekebishe

Kupiga Windows upya kwa flashi ni kazi ya nusu saa hadi saa moja mambo yakienda sawa. Ikigoma, wengi huanza kubahatisha. Wanafomati flashi tena, wanapakua ISO nyingine (faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha), wanabadili mipangilio mitano ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) kwa mpigo, na hata tatizo likiondoka hakuna anayejua lilikuwa nini. Bando linaisha, siku inaisha. Usakinishaji hupita hatua zinazofuatana na kila hatua hutegemea kifaa chake, kwa hiyo mahali ulipokwama panakuonyesha pa kukagua. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kompyuta isiyobuti flashi (yaani isiyowaka kupitia flashi), diski isiyoonekana au inayokataliwa, unakilishaji unaokatika njiani, kompyuta inayojirudia mwanzo, na mwisho Windows iliyoingia lakini haina mtandao. Ruka moja kwa moja hadi ulipokwama, ila sehemu ya flashi usiiruke.

Kanuni ya kazi ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha ndipo ubadilishe kingine.

Kabla ya kufuta chochote

Usakinishaji safi unafuta diski. Kama ndani yake kuna picha, hesabu za duka au kazi za chuo ambazo hazipo kwingine, simama kwanza. Diski ikiwa bado inasomeka, ichomoe uifunge kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB, au buti Linux Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, unakili mafaili kwenda diski ya nje. Ukikuta diski imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeyafungua mafaili hayo, na ukishafuta diski hakuna kurudi nyuma.

Andaa flashi ya GB 8 au zaidi (GB 16 ndiyo inayotosha vizuri, kwa sababu utaongeza draiva, yaani programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa), kompyuta nyingine iliyo nzima, na bando la GB 7 hivi la kupakulia ISO. Laptopu iwe kwenye chaja na betri iwe imejaa zaidi ya nusu. Kama eneo lenu lina mgao wa umeme na kompyuta ni ya mezani isiyo na UPS, ngoja saa ambayo umeme ni wa uhakika. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, utaanza upya tu, lakini diski iliyozeeka inaweza kuharibika zaidi.

Flashi na ISO: anza hapa hata kama una uhakika nazo

Flashi feki zimejaa sokoni, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Ndani yake kuna kumbukumbu ya GB 8, lakini chipu yake imepangwa iseme ni GB 64. Ukinakili mafaili machache yote yanasomeka vizuri. Ukivuka uwezo wake halisi, inaendelea kupokea data bila kulalamika huku ikiandika juu ya data ya zamani au ikiitupa kabisa. Windows inaonyesha kwamba kunakili kumekamilika, nawe unakuja kugundua kwenye kompyuta ya mteja, usakinishaji ukiwa umefika asilimia 60.

Ipime kwa programu ndogo ya bure iitwayo H2testw. Fomati flashi iwe tupu, chagua herufi yake, ipe "all available space", kisha bonyeza "Write + Verify". Inaijaza flashi mafaili ya GB 1 kila moja kisha inayasoma tena kulinganisha. Kwa flashi ya GB 16 yenye kasi ndogo, kazi hii huchukua zaidi ya nusu saa. Jibu linalokubalika ni moja tu, "Test finished without errors". Sekta moja tu ikipotea, flashi hiyo usiitumie kusakinishia chochote. Wa Linux watumie f3write kisha f3read.

ISO nayo ipakuliwe kutoka Microsoft wenyewe. Zile zilizopunguzwa na kupachikwa programu nyingine zinazosambazwa kwenye makundi ya simu ziache: huna cha kuzilinganisha nacho, kwa hiyo huwezi kujua kilichobadilishwa. Mtandao ukikatika-katika wakati wa kupakua, faili linaweza kufika na ukubwa unaoonekana sahihi lakini likawa limeharibika ndani. Fungua Command Prompt uandike hivi, ukibadili njia ya faili ifanane na yako:

certutil -hashfile C:\ISO\Win11.iso SHA256

Utatoka mstari wenye jumla ya herufi na namba 64. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa Microsoft wa kupakulia, kwa lugha na toleo lile lile ulilochagua. Tofauti ya herufi moja inatosha kukwambia upakue tena.

Kuandika ISO kwenye flashi kuna njia mbili za kuaminika. Media Creation Tool ya Microsoft inafanya kila kitu yenyewe na inawafaa wengi. Rufus inakupa uhuru wa kuchagua, na hapo ndipo makosa huingia. GPT na MBR ni mitindo miwili ya kupanga diski, mpya na ya zamani. Kwa kompyuta yenye UEFI (mrithi wa BIOS ya kale), yaani karibu zote zilizotoka na Windows 8 kuja juu, chagua "GPT" na "UEFI (non CSM)". Kwa kompyuta ya zamani yenye BIOS ya kale, chagua "MBR" na "BIOS (or UEFI-CSM)".

Wapo wanaofungua ISO na kuburuta mafaili kwa mkono kwenda kwenye flashi. Njia hiyo hukwama kwenye faili liitwalo install.wim lililo ndani ya folda ya sources. FAT32 na NTFS ni miundo ya kufomati diski. UEFI za kompyuta nyingi husoma FAT32 pekee, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, wakati install.wim ya sasa inazidi hapo. Rufus hulikwepa hilo kwa kufomati flashi NTFS na kuweka patisheni (kipande cha diski) ndogo ya kubutia pembeni. Ukitaka kubaki na FAT32, ligawe faili hilo. Hapa D ni ISO iliyofunguliwa na E ni flashi:

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Yatatoka mafaili install.swm na install2.swm, na programu ya usakinishaji itayatambua yenyewe. Mafaili mengine yote ya ISO yanakili kawaida.

Kompyuta haibuti flashi

Zima kompyuta kabisa. Windows 10 na 11 zina "Fast Startup", ambayo kwa kweli haiizimi kompyuta kabisa unapobonyeza "Shut down", na baadhi ya mashine hukosa nafasi ya kusoma flashi zikiamka kutoka hapo. Shikilia Shift huku ukibonyeza "Shut down", au tumia "Restart".

Kitufe cha menyu ya kubuti hutofautiana: HP ni Esc kisha F9, Dell ni F12, Lenovo nyingi ni F12 au kile kitundu cha Novo ubavuni kinachobonyezwa kwa pini, Toshiba F12, laptopu za Asus Esc, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) za Asus F8, MSI F11, Gigabyte F12. Acer ni F12 pia, ila nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeifunga. Ingia BIOS kwa F2 na uwashe "F12 Boot Menu". Kigonge kitufe mara kadhaa tangu unapowasha, kwani ukikishikilia tu kibodi nyingine hazisikii.

Menyu ikifunguka, isome kwa makini. Flashi moja huweza kuonekana mara mbili: mstari mmoja umeanza na "UEFI:" ukafuatiwa na jina la flashi, mwingine una jina la flashi peke yake. Wa kwanza unabuti kwa UEFI, wa pili kwa mtindo wa zamani. Ukichagua usio sahihi, Windows itafunguka vizuri kabisa, itakuuliza lugha, utakubali masharti, kisha itaikataa diski mwishoni. Malalamiko mengi ya "diski imekataa" yanaanzia kwenye mstari huu. Kama diski ni GPT, au unataka iwe GPT, chagua wenye "UEFI:".

Flashi isipoonekana kabisa kwenye menyu, ihamishe kwenye tundu lingine, ukianza na lile jeusi la USB 2.0 kama lipo. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyoungwa moja kwa moja na mazabodi. Yale ya mbele hupitia waya ambao mara nyingi umelegea. Usipitishe flashi kwenye kigawio cha USB. Ikionekana lakini ikakataliwa kwa ujumbe wa usalama, chanzo huwa ni Secure Boot (kinga inayokataa kubuti programu isiyoaminika) kukutana na flashi iliyoandikwa na Rufus ya zamani. Pakua Rufus mpya uandike tena. Kuzima Secure Boot kwa muda kunawezekana pia, ila irudishe ukimaliza.

Kuna laptopu na tableti ndogo za bei nafuu zenye Intel Atom za mwaka 2013 hadi 2016 hivi na hifadhi ya GB 32. Baadhi zina UEFI ya biti 32, ingawa prosesa yenyewe ni ya biti 64. Flashi ya biti 64 hazitaiona milele. Zinahitaji Windows 10 ya biti 32, na Windows 11 haina toleo hilo.

Inabuti, lakini diski haionekani

Kwanza rudi BIOS utazame kama diski imeorodheshwa huko. Isipokuwepo hata huko, tatizo ni la kifaa: fungua, chomoa SSD uirudishe vizuri, badilisha waya wa SATA. Kwa SSD za M.2 angalia aina, kwani zipo za SATA na za NVMe. M.2 ya SATA ikiwekwa kwenye tundu linalokubali NVMe pekee inakaa vizuri na skrubu inafunga, lakini haitaonekana kamwe.

Ikiwa BIOS inaiona lakini Windows haiioni, na laptopu ni ya Intel kizazi cha 11 au zaidi, mtuhumiwa ni VMD. Hii ni teknolojia ya Intel inayoiweka SSD nyuma ya kidhibiti chake chenyewe, na ISO ya Windows huenda isiwe na draiva ya kidhibiti hicho. Skrini inakuwa tupu, au usakinishaji unakuomba uweke draiva ili vifaa vionekane. SSD haijafa. Una njia mbili.

Njia ya haraka ni kuzima VMD ndani ya BIOS, mahali panapoitwa "VMD Controller" au "VMD setup", kisha uhifadhi na kubuti upya. Kwa laptopu yenye SSD moja hupotezi chochote cha maana. Ila kama humo kuna diski ya pili yenye Windows unayotaka kubaki nayo, Windows hiyo inaweza kugoma kuwaka baada ya badiliko hilo. Baadhi ya BIOS za Acer zimeuficha mpangilio huu. Ukiwa ukurasa wa "Main" bonyeza Ctrl na S kwa pamoja, utajitokeza.

Njia ya pili ni kuipa Windows draiva. Nenda ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa laptopu yako, kwa modeli kamili, utafute "Intel Rapid Storage Technology". Ukipata SetupRST.exe, kuinakili kwenye flashi kama ilivyo hakutoshi, kwa sababu usakinishaji unatafuta mafaili ya .inf. Ifumue kwanza kwenye kompyuta nzima:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST

Nakili folda ya RST kwenye flashi. Ukifika skrini ya diski, bonyeza "Load driver", kisha "Browse", uingie hadi folda yenye .inf. Chagua inayotaja "RST VMD Controller". Jina hubeba namba ya kidhibiti: 9A0B ni ya kizazi cha 11, 467F ya kizazi cha 12. Orodha ikiwa tupu, ondoa tiki kwenye "Hide drivers that aren't compatible" uone kama folda yenyewe imesomwa. Draiva ikikubali, diski hujitokeza ndani ya sekunde chache.

Usichanganye hali hii na ujumbe wa mapema zaidi usemao "A media driver your computer needs is missing". Ujumbe huo unawapoteza wengi wakatafuta draiva ya DVD au ya USB mtandaoni kutwa nzima. Mara nyingi maana yake ni kwamba usakinishaji umeipoteza flashi uliyobutia. Bila kuzima kompyuta, funga dirisha hilo, chomoa flashi, ichomeke tundu lingine, kisha bonyeza "Install now" tena. Ikirudia, andika flashi upya.

Diski inaonekana, lakini Windows inaikataa

Ujumbe wa kawaida ni mitatu. Mmoja unasema diski ina jedwali la MBR na kwamba mfumo wa EFI husakinisha kwenye GPT tu. Hapo umebuti kwa UEFI. Mwingine unasema diski ni ya mtindo wa GPT. Hapo umebuti kwa mtindo wa zamani, na dawa yake ni kurudi kwenye menyu ya kubuti na kuchagua ule mstari wa "UEFI:". Wa tatu, "We couldn't create a new partition or locate an existing one", hutokea zaidi kunapokuwa na flashi nyingine, kadi ya kumbukumbu au diski ya pili. Chomoa vyote visivyohusika ujaribu tena.

Kama hakuna cha kuokoa kwenye diski, isafishe yote. Bonyeza Shift na F10, au Shift, Fn na F10 kwenye baadhi ya laptopu, dirisha jeusi litafunguka. Andika:

diskpart
list disk

Simama hapo. Amri ya clean haiulizi "una uhakika?". Itambue diski kwa ukubwa wake, ukikumbuka kwamba watengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo SSD ya GB 256 itaonekana kama 238, ya 512 kama 476, ya TB 1 kama 931, na flashi ya GB 16 kama 14 na kitu. Disk 0 si lazima iwe SSD yako. Ukishaijua, andika namba yake:

select disk 0
clean
convert gpt
exit

Funga dirisha, bonyeza "Refresh". Diski sasa ni eneo moja tupu liitwalo "Unallocated Space". Lichague ubonyeze "Next" bila kutengeneza patisheni kwa mkono. Windows yenyewe itatenga ya EFI (yenye mafaili ya kubutia), ya MSR ya MB 16, ya mfumo na ya kurekebishia. Wanaojitengenezea patisheni moja kubwa kisha kufuta nyingine ndogo "za kula nafasi" hufuta ile ya EFI, na Windows inakosa pa kuwakia.

Clean ikikataa kwa kusema diski imezuiwa kuandikwa, jaribu attributes disk clear readonly kabla yake. Ikitoa "I/O device error", badilisha waya au tundu. Ikirudia, diski inakufa. Ipo dalili moja ya SSD na eMMC (hifadhi iliyogandishwa kwenye mazabodi) zilizochoka ambayo huwachanganya hata mafundi: unafuta patisheni zote, zinafutika bila ujumbe wowote, ukiwasha upya unazikuta zipo vile vile kana kwamba hujagusa. Kumbukumbu imejifunga, inasomeka lakini haiandikiki tena. Nakili data uliyonayo, kisha nunua SSD nyingine. Hakuna programu ya kuifungua.

Inakatika katikati kwa namba ya hitilafu

Namba zinazojirudia ni 0x80070017, 0x80070570 na 0x8007025D. Ya kwanza inamaanisha data imesomwa na hesabu yake ya uhakiki haikulingana, ya pili faili limeharibika au halisomeki, ya tatu data iliyofika haina umbo sahihi. Zote zinasema kitu kile kile: data imeharibika kati ya flashi, RAM na diski. Kazi yako ni kujua iliharibikia wapi kati ya hivyo vitatu.

Rudia mara moja, uandike asilimia ilipokatika. Ikikatika pale pale, shuku flashi au ISO, kwa kuwa ni faili lile lile linalogoma kusomeka. Ikikatika leo asilimia 23 na ukirudia 71, shuku RAM, au joto. Hii ni dalili tu, isikufanye uache kupima.

Anza na flashi, kwa kuwa kuibadili ni rahisi: flashi nyingine iliyopita H2testw, tundu lingine, ISO iliyohakikiwa. Ikigoma na hiyo pia, nenda kwenye RAM. Kama kuna vijiti viwili, zima, chomoa chaja na betri kama inatoka, toa kimoja, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, jaribu. Kisha badilisha kwa kingine. Kipimo kamili ni MemTest86, inayoandikwa kwenye flashi yake na kubutiwa. Iache imalize mizunguko yote minne, hata ikichukua usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukihukumu kijiti hicho. RAM mbovu ina hila: Windows ya zamani huweza kuwa ilikuwa inawaka na kuganda mara moja moja, mwenye kompyuta akadhani ni virusi, ndiyo maana akaomba ipigwe upya.

Mwisho ni diski. Ifunge kwenye kompyuta nyingine uisome kwa CrystalDiskInfo. Ikiandika "Caution" au "Bad", au mstari wa sekta zinazosubiri kurekebishwa una thamani iliyozidi sifuri na inazidi kupanda, usiipigie Windows.

Ukitaka ushahidi zaidi, Shift na F10 hufungua njia hapa pia. Andika:

notepad X:\Windows\Panther\setuperr.log

Kama kunakili kulishaanza, faili hilo la kumbukumbu za usakinishaji huhamia C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther. Soma kutoka chini kwenda juu. Mistari ya mwisho kabla ya kukatika ndiyo yenye habari, na mara nyingi hutaja jina la faili lililogoma.

"This PC can't run Windows 11"

Hapa hakuna kilichoharibika. Windows 11 inadai UEFI yenye Secure Boot, TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha 8 kuja juu, isipokuwa chache sana. Laptopu ya kizazi cha 8 au zaidi ikikataa, mara nyingi TPM imezimwa tu: ingia BIOS uwashe "Intel PTT", au "fTPM" kwa AMD.

Kwa laptopu za mtumba za kizazi cha 4 hadi cha 7, ambazo ndizo nyingi kwetu, Rufus ina kisanduku cha kuondoa masharti hayo unapoandika flashi. Kama flashi imeshaandikwa, fungua Shift na F10 kabla ya ujumbe kutokea, uandike:

reg add HKLM\SYSTEM\Setup\LabConfig /v BypassTPMCheck /t REG_DWORD /d 1
reg add HKLM\SYSTEM\Setup\LabConfig /v BypassSecureBootCheck /t REG_DWORD /d 1

Mwenye kompyuta aambiwe wazi kwamba Microsoft haimhakikishii masasisho kwa njia hii. Prosesa zisizo na SSE4.2, kama Core 2 Duo, haziwezi kabisa kuendesha toleo la 24H2, hata ukwepe masharti yote. Windows 10 nayo iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kwa mashine za namna hiyo Linux Mint ni chaguo la heshima, si la kukata tamaa.

Inawaka upya na kurudi mwanzo

Kunakili kumeisha, kompyuta imejiwasha upya, na tazama, inauliza lugha tena. Imebuti flashi badala ya diski. Chomoa flashi mara tu skrini inapozimika kwa mara ya kwanza, uache diski iendelee yenyewe. Kwenye BIOS, "Windows Boot Manager" iwe ya kwanza.

Ikisema hakuna mfumo, na kompyuta ina diski mbili, huenda mafaili ya kubutia yamekwenda diski ya pili yenye patisheni ya EFI ya zamani. Njia safi ni kuchomoa diski ya pili na kurudia. Kama hutaki kurudia, buti flashi, fungua Shift na F10, ingia diskpart, andika list volume, chagua ile ndogo ya FAT32 iliyo kwenye diski ya Windows, uipe herufi kwa assign letter=S, toka, kisha:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Hakikisha kwanza kwa dir C:\ kwamba C ndiyo yenye Windows, kwa sababu herufi hubadilika ukibuti kwa flashi.

Kompyuta ya mezani ambayo mipangilio ya BIOS hujirudisha kila ukichomoa umeme ina betri ya CMOS iliyokufa. Ni CR2032 ya volti 3, ya bei ndogo kwenye maduka ya saa. Ibadilishe kabla ya kuendelea, la sivyo utakuwa ukiweka UEFI jioni na kuikuta imerudi mtindo wa zamani asubuhi, na tarehe iliyorudi nyuma miaka itazuia Windows kuaktivishwa.

Ukiona "The computer restarted unexpectedly or encountered an unexpected error" baada ya umeme kukatika, zipo mbinu za kuhariri rejista ili isonge mbele. Ziache. Mafaili yaliyoandikwa nusu hayajulikani ni yapi. Futa patisheni uanze kunakili upya.

Imeingia, lakini haina Wi-Fi

Windows 11 inadai intaneti ili umalize kuweka akaunti, na draiva ya Wi-Fi haipo. Chukua simu ya Android, iunge kwa kebo ya USB inayopitisha data (kebo nyingine huchaji tu), uwashe "USB tethering" kwenye mipangilio ya simu. Windows inaitambua simu kama mtandao wa waya bila kuhitaji draiva. Zima masasisho ya kujipakua kwenye simu na uwe na bando la kutosha, kwa sababu Windows itaanza kuvuta masasisho papo hapo. Ukifika ndani, weka mtandao huo kuwa "Metered connection", kisha pakua draiva ya Wi-Fi kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu kabla ya kingine chochote.

Kuhusu ufunguo: kompyuta iliyokuwa imeaktivishwa hapo awali haihitaji kuandikiwa namba. Chagua "I don't have a product key", kisha toleo lile lile lililokuwepo, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Leseni imefungwa kwenye mazabodi na itajirudisha ukipata intaneti. Ukikosea toleo haitaaktivika, na kutoka Pro kurudi Home hakuna njia ya kubofya, itakubidi upige upya.